Uhafidhina katika Siasa: Mwongozo wa Awali kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhafidhina kama mkabala wa kisiasa na kuonyesha jinsi misimamo ya wahafidhina kuhusu masuala ya kawaida, kama vile kodi, afya, bunduki, familia, uhamiaji na mazingira, inavyochipuka kutoka katika misingi michache. Mifano mingi imetolewa Uingereza na Marekani, ambako itikadi hii imekuwa na vyama vikubwa na historia ndefu. Inajadiliwa kwamba neno "mhafidhina" limezoeleka katika Kiswahili kama lawama kwa mtu asiyetaka mabadiliko, na kwamba mazoea hayo humnyima msomaji uwezo wa kuzielewa hoja zenyewe, awe anazikubali au anazipinga. Hoja kuu ni kwamba mhafidhina hakatai mabadiliko. Anachodai ni kuwa jukumu la kuthibitisha limwangukie yule anayetaka kubadilisha.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na neno "mhafidhina" katika somo la ushairi kabla ya kukutana nalo katika siasa. Anapofundishwa kuhusu mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970, huelezwa kwamba upande mmoja walikuwepo wanamapokeo, yaani wahafidhina, walioshikilia kuwa shairi halikamiliki pasipo vina na mizani, kanuni ambazo Amri Abedi alikuwa amezifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1954. Upande wa pili walikuwepo wanamabadiliko kama Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake, Kichomi, ilichapishwa mwaka 1974. Mwanafunzi huyo hutoka darasani akiwa na picha ya mhafidhina kama mzee aliyeketi mlangoni akiwazuia vijana kuingia. Baadaye anapofungua gazeti na kusoma kwamba wahafidhina wa Marekani wamepinga mswada fulani, huibeba picha ile ile.

Picha hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inaonekana papo hapo katika fasihi ya Kiswahili. Mashairi ya Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973) yamefuata arudhi za mapokeo. Hata hivyo, mtunzi wake aliyatunga akiwa kifungoni, alikokaa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu chake, Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya wakati huo. Je, mtunzi wa aina hii aitwe mhafidhina au mwanamabadiliko? Swali hili halijibiki mpaka iulizwe kwanza: kinachohifadhiwa ni nini, na kinahifadhiwa dhidi ya nani? Maswali hayo mawili ndiyo yatakayoongoza mjadala katika sehemu zinazofuata.

2.0 Neno na Chimbuko la Dhana

Shina la neno "uhafidhina" ni la Kiarabu, lile lile lililokipa Kiswahili maneno "hifadhi" na "kuhifadhi". Anayeitia Kurani moyoni huihifadhi. Anayelinda msitu na wanyama wake hufanya kazi ya uhifadhi. Katika matumizi hayo yote neno lina sifa njema. Ni linapoingia katika siasa tu ndipo hugeuka kuwa karibu na tusi. Katika lugha za Ulaya, jina la itikadi hii limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana hiyo hiyo ya kutunza. Mwandishi Mfaransa Chateaubriand alilitumia kuwa jina la jarida lake, Le Conservateur, mwaka 1818, na katika miaka ya 1830 chama cha Uingereza kilichokuwa kikiitwa Tory kilianza kujiita Conservative.

Hata hivyo, mawazo yenyewe yalitangulia jina. Wataalamu wengi humtaja Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin na mbunge wa Uingereza, kuwa baba wa uhafidhina wa kisasa kutokana na kitabu chake cha mwaka 1790 kilichoyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa. Burke aliona kuwa Wafaransa walijaribu kuijenga dola upya kwa kufuata kanuni za kinadharia, wakabomoa nyumba nzima badala ya kuikarabati. Lakini Burke huyo huyo alikuwa ametetea malalamiko ya makoloni ya Amerika dhidi ya serikali ya London, na kuanzia mwaka 1788 alikuwa miongoni mwa walioongoza mashtaka bungeni dhidi ya Warren Hastings kwa madai ya dhuluma zilizotendwa nchini India chini ya utawala wa Kampuni ya Mashariki ya India. Kwake yeye, dola isiyoweza kujirekebisha haiwezi pia kujihifadhi. Mswahili angeliweka wazo hilo kwa methali moja: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Burke aliiona jamii kuwa ushirika baina ya walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Msomaji wa Kenya hawezi kuliona wazo hili kuwa geni kabisa. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kuelezea jamii ambamo marehemu wanaokumbukwa kwa majina wangali washiriki wa ukoo. Mbiti hakuwa akimfafanua Burke, na mikabala yao kuhusu wakati ujao inatofautiana. Ila wote wawili wanamkumbusha msomaji kwamba kuna namna ya kuifikiria jamii isiyoanza wala kuishia kwa kizazi kilichopo.

3.0 Misingi Minne

Msingi wa kwanza ni unyenyekevu wa akili. Mhafidhina huamini kwamba akili ya mtu mmoja, au ya kizazi kimoja, ni haba ikilinganishwa na maarifa yaliyorundikana katika desturi na asasi kwa karne nyingi. Waswahili husema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alitoa mfano mwaka 1929 wa ua uliokingama njiani. Anayesema kuwa haoni kazi ya ua huo, basi ung'olewe, asiruhusiwe kuung'oa. Aende kwanza akachunguze uliwekewa nini, na akirudi na jibu, huenda akaruhusiwa. Ifahamike kwamba Chesterton hakusema ua usiondolewe kamwe. Alimkataza asiyejua kazi yake. Hapa ndipo lilipo jukumu la kuthibitisha lililotajwa katika ikisiri.

Msingi wa pili ni tahadhari kuhusu mamlaka. Kwa kuwa binadamu ana udhaifu ambao hakuna sheria inayoweza kuuondoa, asikabidhiwe nguvu nyingi, hata akiwa na nia njema. Ndiyo maana mhafidhina hupenda katiba zenye vizuizi, mamlaka yaliyogawanywa, na majaji wanaofuata maandishi ya sheria pasipo kuyanyoosha.

Msingi wa tatu ni thamani ya asasi ndogo. Baina ya mtu binafsi na serikali kuna familia, ukoo, kanisa, msikiti, chama cha kuzikana na shule ya kijiji. Mhafidhina hudai kwamba asasi hizi ndizo humfunza mtu upendo na uwajibikaji, na kwamba serikali inapozichukulia kazi zake, hunyauka. Msingi wa nne ni mali ya kibinafsi: mtu asiye na chake hutegemea hisani ya mwenye nguvu, kwa hivyo uhuru wake ni wa kuazima.

Si kila anayeitwa mhafidhina anayeikubali misingi yote minne kwa uzito sawa. Mwanauchumi Friedrich Hayek, ambaye wahafidhina wengi humnukuu, aliandika insha mwaka 1960 kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Nchini Marekani, watetezi wa soko huria na watetezi wa maadili ya kidini walianza kukusanywa chini ya paa moja katika miaka ya 1950, hasa kupitia jarida la National Review lililoanzishwa na William F. Buckley mwaka 1955. Nyumba hiyo imekuwa na mizozo ya ndani tangu siku hizo.

4.0 Misimamo kuhusu Masuala ya Kawaida

4.1 Kodi na Ukubwa wa Serikali

Wahafidhina wengi wa Uingereza na Marekani hupendelea kodi nafuu na serikali yenye majukumu machache. Hoja yao ni kuwa mwenye kuitolea jasho pesa hujua kuitumia vyema kuliko afisa aliye mbali naye. Chini ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1979 hadi 1990, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 83 hadi 40. Nchini Marekani, wakati wa Ronald Reagan, kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28. Wapinzani hujibu kwamba nafuu hiyo iliwafaidi zaidi matajiri, na kwamba deni la taifa la Marekani liliongezeka zaidi ya mara mbili katika kipindi hicho cha Reagan, jambo ambalo mhafidhina anayechukia madeni hawezi kulipuuza.

4.2 Afya

Suala la afya linaonyesha vizuri jinsi uhafidhina unavyotegemea urithi wa mahali. Mswada wa kuanzisha huduma ya afya ya umma nchini Uingereza ulipopigiwa kura mwaka 1946, chama cha Conservative kiliupinga. Huduma hiyo ilianza mwaka 1948. Chama hicho kiliporejea madarakani mwaka 1951 hakikuivunja, na baadaye viongozi wake wakawa wakiwaahidi wapigakura kuilinda. Kilichokuwa kigeni kiligeuka urithi. Nchini Marekani, ambako urithi wa namna hiyo haukuwepo kwa raia wote, sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 haikupata hata kura moja ya Republican ilipopitishwa kwa mara ya mwisho. Wapinzani wake waliiona kuwa serikali kuu inajitwalia uamuzi wa familia na wa majimbo.

4.3 Bunduki

Mwanafunzi anayedhani kwamba kupenda bunduki ni sehemu ya uhafidhina popote ulipo na ailinganishe tena nchi hizo mbili. Katiba ya Marekani, kupitia rekebisho lake la pili la mwaka 1791, inataja haki ya watu ya kumiliki silaha, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi. Kwa mhafidhina wa huko, kuitetea bunduki ni kuitetea katiba na kuitilia serikali shaka. Nchini Uingereza, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule moja ya Dunblane mwaka 1996, ni serikali ya Conservative ya John Major iliyopitisha sheria ya kupiga marufuku bastola nyingi. Misingi ni ile ile, kinachohifadhiwa kinatofautiana.

4.4 Uhai, Ndoa na Familia

Kuhusu uavyaji mimba, wahafidhina wengi wa Marekani hushikilia kuwa uhai ambao haujazaliwa una haki ya kulindwa, na kwamba majaji hawakuwa na mamlaka ya kulitoa suala hilo mikononi mwa mabunge kupitia uamuzi wa mwaka 1973. Mahakama ya Juu iliubatilisha uamuzi huo mwezi Juni mwaka 2022. Wanaopinga msimamo huu hutetea uhuru wa mwanamke juu ya mwili wake, na huuliza inakuwaje anayeogopa mamlaka ya serikali katika kodi asiyaogope katika wadi ya wajawazito.

Kuhusu ndoa, wahafidhina wenyewe wamegawanyika. David Cameron aliunga mkono ndoa ya jinsia moja kwa hoja kwamba ndoa huimarisha jamii, kwa hivyo mhafidhina anapaswa kuipanua. Mswada huo ulipojadiliwa mwezi Februari mwaka 2013, wabunge wa chama chake walioupinga walikuwa wengi kuliko waliouunga mkono, kwa hoja kwamba bunge halina ruhusa ya kubadilisha maana ya asasi iliyolitangulia. Pande zote mbili zilijiita za kihafidhina.

4.5 Uhamiaji na Biashara

Mhafidhina huiona nchi kuwa jamii yenye kumbukumbu na desturi za pamoja, na hivyo huhofia uhamiaji wa kasi usiowapa wageni nafasi ya kuzoeana na wenyeji. Hata hivyo, mwaka 1986 Reagan alitia saini sheria iliyowawezesha takriban wahamiaji milioni 2.7 waliokuwa Marekani bila idhini kupata uhalali. Miongo mitatu baadaye, Donald Trump wa chama hicho hicho alishinda urais kwa ahadi ya kujenga ukuta mpakani. Katika biashara vilevile, Reagan alisifu soko huria, ilhali Trump alipandisha ushuru wa forodha mwaka 2018 na tena mwaka 2025. Mzozo huu ni wa kale: mwaka 1846 Robert Peel aliondoa ushuru uliowalinda wakulima wa nafaka wa Uingereza, na chama chake cha Conservative kikapasuka.

4.6 Mazingira

Hapa neno "hifadhi" linarejea nyumbani kwake. Theodore Roosevelt wa Republican alitenga misitu na mbuga nyingi mwanzoni mwa karne ya 20. Taasisi ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ulinzi wa mazingira iliundwa mwaka 1970 chini ya Richard Nixon. Naye Thatcher aliuonya Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi mwezi Novemba mwaka 1989. Katika miongo iliyofuata, wengi katika chama cha Republican waliyaona masharti ya mazingira kuwa mzigo kwa biashara. Ni bayana kuwa hapa msingi wa nne, ule wa mali, uligongana na deni kwa watakaozaliwa.

5.0 Uhakiki wa Uhafidhina

Watetezi wa uhafidhina wanaweza kujikinga kwa methali isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahakiki watajibu kuwa methali hiyo inakiri jambo zito: zimwi hilo hula. Swali ni nani anayeliwa. Utumwa nchini Marekani ulitetewa kama desturi na kama haki ya mali. Wanawake walinyimwa kura kwa hoja ya mapokeo. Aliyeumizwa na urithi hawezi kutakiwa kuuheshimu kwa sababu tu una umri mkubwa.

Katika mazingira ya Kenya, uhakiki huu una makali zaidi. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1915 iliifanya ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza, huku walowezi wakiweza kupewa hati za kukodi za miaka 999. Anayesema kuwa mali iheshimiwe hana budi kueleza ni mali ya tangu lini. Ikiwa ni ya tangu hati ya mlowezi, basi kinachohifadhiwa ni mapinduzi, kwa kuwa ukoloni wenyewe ulibomoa nyumba nzima. Ikiwa ni ya kabla ya hapo, basi mhafidhina wa kweli ndiye aliyeingia msituni kupigania ardhi. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1938, aliupinga ukoloni kwa kuzitetea mila za Agikuyu, na hoja yake ilikuwa ya kihafidhina katika vazi la ukombozi. Lakini miongoni mwa mila alizozitetea ilikuwemo tohara ya wasichana, ambayo Kenya iliharamisha kwa sheria mahususi mwaka 2011. Urithi mmoja ulikuwa na ua wa kulindwa na ua wa kung'olewa.

6.0 Kura ya Maoni ya Mwaka 2010

Mfano wa karibu zaidi ni kura ya maoni kuhusu Katiba ya Kenya iliyopigwa tarehe 4 Agosti 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu kwa sababu mbili: ibara ya 26 iliyoruhusu uavyaji mimba pale uhai au afya ya mama imo hatarini, na kutambuliwa kwa mahakama za Kadhi. Magazeti yangeweza kuwaita wahafidhina, na yasingekosea.

Hata hivyo, Waislamu waliozitetea mahakama za Kadhi walijenga hoja ya kihafidhina pia. Mahakama hizo, walisema, zilikuwepo kabla ya dola ya Kenya kuwepo, na kudumu kwake kuliahidiwa katika makubaliano ya mwaka 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulipounganishwa na Kenya. Mmoja alihifadhi mafundisho, mwingine akahifadhi ahadi. Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67 ya kura, na mahakama hizo zikabaki, zikiwahusu Waislamu katika masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Msomaji aliyefunzwa kwamba mhafidhina ni mtu asiyetaka mabadiliko hawezi kuuelewa mjadala huo. Aliyefunzwa kuuliza nini kinahifadhiwa, na dhidi ya nani, atauelewa hata kama ataishia kupinga pande zote mbili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uhafidhina ni namna ya kuyapima mabadiliko, na kwamba misimamo yake hutofautiana kwa kadiri urithi wa kila nchi unavyotofautiana. Yameonyesha pia udhaifu wake mkubwa, yaani wepesi wa kuyasahau maumivu ya wale ambao urithi huo uliwalalia. Kwa mwandishi na mfasiri wa Kiswahili, funzo ni la kiistilahi na la kimaadili kwa pamoja. Neno likishageuzwa lawama, anayelitumia huacha kusikiliza, na asiyesikiliza hoja ya mpinzani wake hana uhakika wa hoja yake mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Mhafidhina huikariri methali hiyo kwa fahari. Mwanamabadiliko ana haki ya kumwuliza mbachao huo ni wa nani, na ni nani aliyelala sakafuni siku zote.

Maswali ya Mjadala

1. Orodhesha methali tano za Kiswahili zinazounga mkono hoja ya kihafidhina na tano zinazoipinga. Je, zipi ni rahisi kupatikana, na kwa nini?
2. Linganisha hoja za wanamapokeo katika mgogoro wa ushairi na msingi wa kwanza uliofafanuliwa katika sehemu ya 3.0.
3. Tafuta habari tatu za magazeti ya Kiswahili zilizotumia neno "mhafidhina". Katika kila moja, eleza kinachohifadhiwa ni nini, na dhidi ya nani.